Ananasi imeiva ao bado? Mwanga unaweza kumaliza mabishano, lakini kipimo kitakuwa mukononi mwa nani

KATANA – Kwenye soko ya Kabamba, kando ya ziwa Kivu, ananasi za Idjwi zinateremushwa kutoka kwenye mitumbwi na mabishano yanaanza hata mbele ya kutaja bei. Mununuzi anabonyeza, ananusa, anavuta jani la katikati. «Mama, hii ingali mbichi.» Muuzaji anajibu: «Baba, sukari iko, ni ganda tu ndiyo ingali kijani.» Mwishowe anayeshindwa ni mwenye haraka. Na mara nyingi mwenye haraka ni ule mama, sababu mutumbwi utarudi Idjwi na ye hawezi kurudi na muzigo wake.

Mabishano haya yanajulikana na kila mutu anayeuza ananasi, avoka, maembe ao kahawa kati ya Kavumu na Kalehe. Lakini siku hizi, kwenye mashamba makubwa ya Amerika, Ulaya na Australia, na mbele ya meli za matunda kutoka Afrika, mabishano hayo yanamalizwa na kifaa kidogo kinachoenea mukononi. Kinamulika tunda, kinasoma mwanga unaorudi, na namba inatokea: sukari ni hivi, maji ni hivi. Tunda halikatwe, halitobolewe.

Je, kifaa kama hicho kinaweza kusaidia mukulima wa Katana? Jibu fupi ni ndiyo, lakini si kile cha bei kali, na si kama kinabakia mukononi mwa mununuzi peke yake.

Guigoz inaonekana, sukari haionekane

Mu masoko ya Kivu, watu wamezoea kugombania kipimo. Maharagwe na unga vinapimwa na kopo la Guigoz, na kila mama anajua ujanja wake: kopo lililobonyezwa chini, mukono unaopunguza kilima cha juu. Lakini ujanja wa Guigoz unaonekana na macho. Muuzaji na mununuzi wote wanaangalia kopo moja, kila mutu anaweza kulipindua na kuangalia chini yake.

Kilo pia ni vile. Kilo ya mununuzi wa kahawa inaweza kudanganya, lakini mukulima mwenye wasiwasi anaweza kuleta pakiti ya sukari ya kilo moja ambayo haijafunguliwa na kuiweka juu yake. Kama sindano haifike pahali pake, kila mutu ameona.

Kwa uivaji wa tunda, kopo haliko na kilo haiko. Kuko tu jicho, pua na kidole. Na jicho la mwenye pesa ndilo linaamua. Hapo ndipo hasara ya mukulima inajificha: hapunguziwe juu ya uzito, anapunguziwa juu ya neno «mbichi», na hana namna ya kuonyesha kama neno hilo ni la uongo. Lakini kuko pia upande wa pili. Mununuzi anayepeleka ananasi Bukavu ao Goma na kukuta nusu haina utamu, ye pia amepoteza, na safari inayofuata atalipa kidogo kwa wote, hata kwa wale walioleta muzigo muzuri.

Mwanga unafanya nini ndani ya tunda

Vifaa vya mwanga viko vya aina nyingi, lakini vitatu vinatosha kueleweka.

Cha kwanza ni cha zamani na ni rahisi: refraktometa. Ni kama darubini fupi, inaingia mufukoni. Unaweka tone moja ao mbili za maji ya tunda juu ya kioo, unafunika, unaelekeza kwenye mwanga wa jua na kuchungulia ndani. Mwanga unapopita mu maji yenye sukari unapinda zaidi kuliko mu maji matupu. Kadiri sukari inakuwa nyingi, ndivyo mustari kati ya sehemu ya buluu na sehemu nyeupe unapanda. Namba inayosomwa inaitwa Briksi, kwa jina la Mujerumani Adolf Brix wa karne ya 19: Briksi 1 ni gramu 1 ya sukari mu gramu 100 za maji hayo. Kifaa hiki hakitake umeme, hakitake batiri, hakitake intaneti. Bei ya zile za kawaida ni makumi ya dola, si mamia. Ubaya wake ni kwamba lazima tunda moja likatwe ili kupata tone.

Cha pili kinapima rangi ya kijani. Ganda la tunda bichi liko na klorofili, kile kinachofanya majani yawe kijani, na klorofili inakunywa mwanga mwekundu. Tunda linapoiva klorofili inapungua, na mwanga mwekundu mwingi zaidi unarudi. Huko Bologna, Italia, watafiti walitengeneza kifaa cha mukono kinacholinganisha aina mbili za mwanga hivyo, na kinatumiwa sana kwa matunda kama vile mapera ya Ulaya na pichi.

Cha tatu ndicho kinachosemwa sana: kile cha mwanga ambao jicho la mutu halione, ule unaofuata nyuma ya wekundu. Mwanga huo unaingia mu nyama ya tunda kwa milimita kadhaa. Maji yanakunywa sehemu yake moja, sukari na mafuta yanakunywa zingine, na kinachorudi kinahesabiwa na programu. Vinaweza kusoma avoka ao embe ikiwa ingali juu ya muti. Mu mwaka 2014, kampuni moja ya Israeli ilitangaza kifaa cha namna hiyo, SCiO, kidogo kama kiberiti na kinachofanya kazi na simu. Watu wengi waliamini kama kila mutu atapima kila kitu sokoni. Mambo hayakuenda rahisi vile. Vifaa vya kweli vya wataalamu wa matunda vingali vinauzwa maelfu ya dola.

Na bei si ndiyo shida pekee. Kifaa cha aina hii hakijui sukari kwa yenyewe. Lazima kifundishwe: watu wakate mamia ya matunda, wapime kila moja na refraktometa ao mu foro, kisha waambie programu kwamba mwanga wa namna hii ni sukari ya namna hii. Kifaa kilichofundishwa na maembe ya Australia kinaweza kudanganya juu ya embe la Kivu. Hata joto la tunda, kama limetoka juani ao limetoka ndani ya nyumba, linaweza kugeuza namba. Mutu atakayeleta kifaa hicho Katana bila kukifundisha na matunda ya hapa, atakuwa ameleta namba nzuri za uongo.

Kila tunda na tabia yake

Namba bila kujua tabia ya tunda haisaidie. Na matunda yanayopita Kabamba hayana tabia moja.

Ananasi ikikatwa, utamu wake umefika mwisho. Ganda linaweza kuendelea kugeuka njano ndani ya nyumba, lakini sukari haiongezeke, sababu ananasi haina akiba ya wanga ya kugeuza kuwa sukari. Kwa hiyo ule anayesema «itaivia njiani» anasema uongo ao hajui. Kanuni ya chakula ya kimataifa, Codex Alimentarius, ya mashirika FAO na OMS, inataka ananasi iwe na angalau Briksi 12. Hapa refraktometa inakata maneno kabisa: ananasi yenye ganda kijani na Briksi 14 ni tamu, hata mununuzi akikunja uso. Lakini kuko ujanja wa kujua: sehemu ya chini ya ananasi ni tamu kuliko ile ya karibu na majani. Mutu akichukua tone chini, namba inapanda. Akichukua juu, inashuka. Kwa hiyo lazima watu wapatane mbele: tone linatoka wapi.

Avoka ni kinyume. Hailainike ikiwa juu ya muti. Inalainika kisha kukatwa. Lakini ikikatwa mbele ya kukomaa, haitakuwa nzuri hata siku moja: itakunjamana na kubakia kama mupira. Sukari haiseme kitu hapa. Kinachosema ni mafuta, na mafuta yanapimwa kupitia kile kinachobakia kisha maji kukauka. Huko California, Marekani, sheria inataka avoka ya aina ya Hass iwe na angalau 20,8% ya sehemu kavu mbele ya kuuzwa. Inchini Kenya, moja ya inchi za kwanza za Afrika kwa kuuza avoka inje, serikali imefunga mara nyingi mavuno ya kupeleka na meli, kuanzia Oktoba ao Novemba mupaka mwanzo wa mwaka unaofuata, sababu wachuuzi walikuwa wanakata avoka changa na jina la Kenya lilikuwa linaharibika Ulaya. Wakulima wa huko walilipa makosa ya wale waliokuwa na haraka.

Ndizi inabeba wanga nyingi ikiwa mbichi, na wanga hiyo inageuka sukari kisha kukatwa. Watengenezaji wa kasiksi wanajua jambo hilo tangu zamani za mababu: ndio maana ndizi zinafukiwa mu shimo zipate joto na kuiva pamoja. Kwao, refraktometa ingekuwa na kazi ingine. Karibu nusu ya sukari iliyo mu maji ya ndizi inaweza kugeuka pombe. Mama anayepima maji yake mbele ya kutia mutama anaweza kujua kama ndizi zimefikia, na kama kasiksi ya wiki hii itafanana na ya wiki iliyopita.

Kahawa: hapo pesa ni nyingi, hasara ni nyingi

Kahawa ni tunda pia, na kwa familia nyingi za kandokando ya ziwa ndilo tunda linalolipa masomo. Mavuno makubwa ni kati ya Machi na Juni. Kilo 6 hivi za matunda mekundu zinatoa kilo 1 ya kahawa ya kuuza inje. Mu hizo kilo 6, matunda ya kijani yakichanganywa, ladha inaharibika: kahawa inakuwa kali mu ulimi, na wanunuzi wa inje wanashusha bei.

Kwa miaka mingi hilo halikuonekane kuwa muhimu, sababu kahawa ya Kivu ilikuwa inauzwa bila kuulizwa rangi. Mafungu mengi yalivushwa usiku na mitumbwi kwenda Rwanda, na watu walikufa mu maji ya Kivu juu ya magunia. Hali ilianza kugeuka wakati kooperativi kama Sopacdi ya Minova, iliyoanzishwa mu 2003, na zingine za Kalehe na Idjwi zilipojenga stasio za kusafishia kahawa na kuuza kahawa yenye jina lake. Mashindano ya Saveur du Kivu yalionyesha kama kahawa ya hapa, ikichumwa nyekundu, inaweza kushindana na ya inchi zingine.

Leo, kwenye stasio nzuri, mukulima anamwaga matunda juu ya meza na kutoa ya kijani mwenyewe. Kisha yanatiwa mu maji: yale yanayoelea yanaondolewa. Ni kipimo bila mashine, na kinafanya kazi. Lakini inje ya stasio, kwa mununuzi anayepita nyumba kwa nyumba na pesa mufukoni, hakuna meza. Anaangalia ndoo, anasema «kijani ni mengi», anapunguza. Kisha, kwa ndoo nyingine, anachukua kila kitu, kijani na nyekundu, sababu anashindana na mwenzake. Mukulima anajifunza nini? Kwamba kuchuma nyekundu tu hakumulipe. Na muti wa kahawa hauivishe matunda yote siku moja: kuchuma nyekundu tu ni kupita mara nne, tano kwenye muti moja. Hiyo ni kazi ya mikono, na mara nyingi ni mikono ya wanawake na watoto wao wakubwa.

Kifaa cha mwanga kinaweza kuhesabu rangi. Hata kamera ya simu inaweza kujaribu. Lakini kwa rangi ya kahawa, karatasi ya rangi iliyochapishwa vizuri na kupachikwa kwenye meza inaweza kufanya kazi hiyo kwa bei ya karatasi. Na kuko ugonjwa moja ambao rangi haiuonyeshe: ladha ya kiazi, inayoharibu kahawa ya Kivu, Rwanda na Burundi. Inafuatana na kidudu cha antestia kinachotoboa tunda. Mwanga ukipima sukari hautaona ladha hiyo. Mutu anayeuza kifaa na kuahidi kama kitaona yote, asiaminiwe haraka.

Mashine ya mununuzi ao mashine ya wote?

Hapa ndipo penye moyo wa jambo. Tuseme kesho wanunuzi wa Kabamba wanafika na vifaa vidogo mukononi. Wanamulika ananasi, namba inatokea: 10. «Mama, mashine imesema.» Ule mama atajibu nini? Jana alikuwa anagombana na jicho la mutu, na jicho la mutu linaweza kuaibishwa mbele ya wengine. Leo anagombana na mashine asiyojua kusoma, isiyo na mwenye kuikagua, na ambayo pengine ilifundishwa na ananasi za inchi ingine. Kipimo kilichokuja kumaliza mabishano kimemufunga tu kinywa.

Ofisi ya Congo ya ukaguzi, OCC, ndiyo yenye kazi ya kukagua ubora wa bidhaa, na ONAPAC inafuatilia mazao kama kahawa. Lakini ukaguzi wa serikali ulikuwa mbali na mukulima hata mbele ya vita. Kisha, katikati ya Februari 2025, M23 iliingia Kavumu na Bukavu. Mabenki yalifungwa, mikopo ikakauka, na wanunuzi wengi wanafanya kazi na pesa kidogo ya mukononi. Mu hali kama hii, mwenye pesa taslimu ndiye anaweka bei, na mwenye tunda linaloharibika ndiye anakubali. Kifaa hakitageuza jambo hilo chenyewe. Lakini kipimo kinachojulikana na wote kinaweza kumupa mukulima neno moja la kusema.

Ndiyo maana refraktometa, ile ya zamani, inafaa kwa Katana kuliko mashine mupya. Mutu yeyote anaweza kuchungulia: muuzaji, mununuzi, na mutu wa tatu anayepita. Wote wataona mustari moja, pahali pamoja. Na inaweza kukaguliwa na kila mutu: ukitia tone la maji safi, lazima isome 0. Kama haisome 0, kuko vishi ndogo ya kuirudisha. Ni kama pakiti ya sukari juu ya kilo.

Kile kinachowezekana tangu sasa

Kwa kikundi cha wauzaji wa ananasi, hesabu si nzito. Kifaa cha dola 30 kikinunuliwa na wanamemba 30 ni dola 1 kwa kila moja. Muzigo ukifika, wanachagua ananasi tatu bila kuangalia, moja juu, moja katikati, moja chini ya fungu. Wanakata katikati ya tunda, si chini wala juu, wanapima mbele ya mununuzi. Namba za tatu zinaandikwa mu daftari na tarehe na jina la kijiji. Ananasi zilizokatwa hazipotee: zinauzwa vipande. Kisha miezi kadhaa, daftari lenyewe litaonyesha ni mulima gani unaotoa ananasi tamu, na mwezi gani, na hapo bei inaweza kuzungumuzwa mbele ya kuvuka ziwa.

Kwa avoka, mashine ya maelfu ya dola haihitajike pia. Kivu iko na kitu ambacho sehemu nyingi hazina: mizani midogo ya wachuuzi wa zahabu, inayopima sehemu za gramu. Unakata vipande vyembamba vya avoka, unapima gramu 10, unavikausha polepole bila kuviunguza, unapima tena na tena mupaka uzito hauteremuke. Kama kumebakia gramu 2,3, sehemu kavu ni 23%. Avoka imekomaa. Kama kumebakia 1,6, muti uachwe kwanza.

Na kwa vile vifaa vya mwanga usioonekana, kazi ya kuvifundisha si ya mukulima. Katana iko na jirani wanaoweza: kituo cha utafiti cha Lwiro, kilichoanzishwa mu 1947 kwa jina la IRSAC na kinachoitwa leo CRSN, INERA ya Mulungu, yenye miaka mingi mu kahawa na ndizi, IITA ya Kalambo, na vyuo vikuu vya Bukavu. Mwanafunzi mwenye refraktometa, foro na mufuko wa avoka za Kabare anaweza kuanza kutengeneza namba za hapa. Siku mutu atakapoleta kifaa kipya, swali la kwanza litakuwa: kimefundishwa na matunda ya nani?

Mupaka siku hiyo, mabishano ya Kabamba yataendelea. Ule mama wa Idjwi hahitaji mashine inayojua kila kitu. Anahitaji kitu kidogo ambacho yeye na mununuzi wanaweza kuchungulia kwa zamu, kila mutu na jicho lake, mbele mutumbwi haujarudi.